Nilivyoweza kupiga msamba wa mbele

Mimi ni kipa wa timu ya mtaani Arusha na mchana nashinda kwenye cherehani. Niliutaka msamba huo, yaani kushuka hadi sakafuni mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma, kwa sababu moja: mipira ya chini, ya karibu, ambayo mkono hauwahi kuifikia na mguu ndio unaookoa.

Mwezi wa 7 hapa chini ya Mlima Meru asubuhi ni baridi kali, kwa hiyo sijinyooshi kabla ya kutoka jasho. Nazunguka uwanja taratibu, naruka kamba, narusha miguu mbele na pembeni. Kule kujinyoosha kwa kutulia mkao mmoja muda mrefu nakuweka mwisho wa mazoezi. Ukikufanya kabla ya mechi, misuli inapungua nguvu kwa muda, na kipa anaihitaji nguvu hiyo aruke.

Wengi wanahangaika na mguu wa mbele tu. Kwangu kizuizi kilikuwa mguu wa nyuma, pale mbele ya nyonga. Napiga goti la nyuma juu ya kanga iliyokunjwa, nakaza tako la upande huohuo, kisha nasogea mbele kidogo bila kupinda kiuno. Ukilegeza tako, mvuto unahamia mgongoni na hupati kitu.

Kilichonifungua hasa ni maneno ya mzee mmoja anayefundisha karate. Nilimwamkia, akanitazama navyohangaika, akasema, "Kijana, mguu hauvutwi. Ukandamize chini."

"Sawa, mwalimu."

Basi nateremka na soksi kwenye sakafu ya saruji, mikono juu ya matofali mawili ya kuchoma. Nikifika mwisho, nakandamiza kisigino cha mbele chini kama sekunde 10, nalegeza, natoa pumzi, na mwili unashuka wenyewe kidogo. Misuli ikinyooshwa ghafla hujikaza kujilinda. Ukienda nayo polepole inakuruhusu. Mwanzoni si kwamba imerefuka, ni mwili umezoea kuuvumilia ule mvuto. Tofali lenyewe ndilo kipimo changu: kwanza lilisimama wima, baadaye kwa ubavu, halafu likalala.

Kuna tabia mazoezini ya mwenzako kukukalia mabegani ili ushuke. Hiyo naikataa kabisa, na vijana wadogo nawakataza. Mvuto katikati ya paja hauna shida, lakini maumivu makali chini ya tako au kubanwa ndani ya kiungo cha nyonga ni ishara ya kuacha hapohapo. Msamba wa pembeni, ule wa kutanua miguu kushoto na kulia, nao unategemea pia umbo la mifupa ya nyonga, kwa hiyo usishindane na mtu.

Mguu wa kulia ukiwa mbele, sasa nafika sakafuni. Wa kushoto bado unadai lile tofali lililolala, na kila jioni baada ya mazoezi naanza na huo.