Tumaini Lisilo na Tarehe

Katika mwezi wa kwanza baada ya baba kupatwa na kiharusi, watu wema waliniletea vitabu vitano vya kutia moyo. Navikumbuka kwa sababu nilivisoma vyote, usiku, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, na kila nilipomaliza kimoja nilijiona mpweke zaidi kuliko kabla sijakifungua. Vilifanana kwa jambo moja: mwandishi alifikwa na msiba, akaamini kwamba mambo yatatengemaa, na kweli yakatengemaa. Baba yangu alikuwa amelala mbele yangu akiwa na ufahamu wake wote, anasikia na anaelewa, lakini misuli ya ulimi na koo ilikuwa imekataa kumtii, na ni mkono mmoja tu uliobaki na nguvu ya kubana kidole cha mtu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba yatapita. Nilitaka kujua mtu anaishije yasipopita.

Kitabu cha kwanza kilichonijibu ni cha Mfaransa Jean-Dominique Bauby, Le Scaphandre et le Papillon. Bauby alikuwa mhariri mkuu wa jarida la Elle, mtu wa safari, karamu na maneno mengi. Tarehe 8 Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 43, alipatwa na kiharusi, na alipozinduka wiki kadhaa baadaye karibu mwili wake wote ulikuwa umepooza. Kilichobaki chini ya amri yake ni kope la jicho la kushoto. Kwa kope hilo aliandika kitabu kizima. Mwandishi msaidizi aliyeitwa Claude Mendibil alimtajia herufi moja moja, si kwa mpangilio wa alfabeti tuliozoea, bali kwa kufuata wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, kuanzia E, S, A, R, na Bauby alipepesa jicho alipoisikia herufi aliyoitaka. Neno likakamilika, kisha sentensi, kisha ukurasa.

Wasomaji wengi hulisifu jicho lile, nami sina ubishi, lakini kilichonishika mimi ni jambo dogo analolitaja mwandishi mapema kabisa. Kabla msaidizi wake hajafika, alikuwa akiigeuza kila sentensi kichwani mara nyingi, anafuta neno, anaongeza kivumishi, kisha anaikariri aya nzima ili iwe tayari wakati wa kuitoa. Yaani mtu asiyeweza kumeza mate yake mwenyewe aliamka asubuhi akiwa na kazi. Kitabu kilitoka Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye. Hakupona, wala hakumdanganya msomaji kwamba atapona, na hata hivyo sijapata kusoma kurasa zilizo hai kuliko zile.

Usiku huohuo nilichukua kurasa mbili za gazeti nikaanza kuhesabu herufi kwa kalamu. Kwa Kiswahili mambo ni tofauti na Kifaransa: A inaziacha nyingine mbali sana, na kwenye kurasa zangu zilizofuata ni I, N, U na K. Q na X niliziondoa kabisa, kwani hatuna kazi nazo. Nikaziandika kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, na asubuhi nikampa baba kidole changu, nikaanza kuzitaja taratibu. Alibana kwenye D. Nikarudi mwanzo; akabana kwenye I. Ilituchukua karibu robo saa kulipata neno lake la kwanza baada ya wiki tano za ukimya, nalo lilikuwa DIRISHA. Alitaka lifunguliwe. Kwa wiki tano tulikuwa tumemfungia hewa huku tukimwombea apate nafuu.

Baada ya hapo nilianza kuvisoma vitabu vya namna hii kwa jicho jingine, na mwanya mpana kati ya tumaini lenye tarehe na tumaini lenye kazi ukanidhihirikia. Aliyeueleza vizuri kuliko wote ni Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Vienna, aliyepelekwa kambini na Wanazi mwaka 1942 na kupitia Theresienstadt, Auschwitz na kambi mbili zilizokuwa chini ya Dachau. Aliwapoteza baba, mama, kaka na mke. Mwaka 1945, akiwa huru, alikisimulia kwa siku tisa kitabu ambacho wengi wanakijua kwa jina la Man's Search for Meaning, ingawa jina lake la Kijerumani linalojulikana leo linasema jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi: kwamba pamoja na yote, mtu anayaambia maisha ndiyo.

Frankl anasimulia habari za mfungwa mmoja aliyekuwa msimamizi wa bweni lao. Mwanzoni mwa mwaka 1945 mtu huyo aliota sauti ikimwambia aulize lolote, naye akauliza ni lini vita vitakwisha kwa upande wake. Jibu lilikuwa tarehe 30 Machi. Alimsimulia Frankl ndoto hiyo akiwa na furaha na yakini kabisa. Siku zikasogea, habari za vita zikaonyesha kwamba ukombozi haupo karibu kiasi hicho. Tarehe 29 alishikwa na homa kali, tarehe 30 akapoteza fahamu, na tarehe 31 akafariki. Kwa nje aliuawa na homa ya chawa (typhus) iliyokuwa ikiwamaliza wafungwa wengi. Frankl, kama daktari, aliamini kwamba kuvunjika kwa tumaini lile kulidhoofisha nguvu ya mwili ya kupambana na ugonjwa. Frankl mwenyewe alikombolewa na wanajeshi wa Marekani tarehe 27 Aprili, siku 27 baada ya kifo hicho.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Na mimi nilikuwa na tarehe yangu. Mtu mmoja mwenye ujuzi wa tiba alikuwa ametuambia kwamba maendeleo makubwa huonekana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, nami nikaigeuza kauli hiyo kuwa ahadi, nikaizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo baba aliweza kuiona. Nilimfanyia baba yangu kile ambacho ndoto ilimfanyia yule mfungwa. Niliishusha kalenda siku hiyohiyo.

Jambo hilohilo alilishuhudia James Stockdale, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyefungwa Vietnam kuanzia mwaka 1965 hadi 1973. Alimweleza mwandishi Jim Collins kwamba waliokuwa wakisema watatoka ifikapo Krismasi, kisha Pasaka, kisha Krismasi nyingine, ndio walioishia kufa kwa kuvunjika moyo. Yeye aliamini kwamba mwisho utakuwa mwema, lakini hakuupangia siku.

Nelson Mandela, aliyekaa gerezani miaka 27, ana kurasa katika Long Walk to Freedom ambazo nadhani watu huzipita haraka kwa sababu hazina siasa ndani yake. Ni zile za bustani. Katika Kisiwa cha Robben aliomba kwa muda mrefu aruhusiwe kulima, na alipokubaliwa akapewa kipande chembamba cha ardhi kavu yenye mawe. Alipanda nyanya, pilipili na vitunguu. Kulikuwa na mche mmoja wa mnyanya uliokuwa mzuri sana, ambao aliulea tangu ukiwa mdogo hadi ukazaa matunda mekundu, kisha ukaanza kunyauka, na lolote alilolijaribu halikuufaa. Ulipokufa aliing'oa mizizi yake, akaiosha, akaizika katika pembe ya bustani, na akamwandikia mkewe barua kuhusu mche huo. Mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha ananawisha mizizi ya mnyanya. Nimezisoma hotuba zake nyingi, lakini nikitaka kumwelewa huirudia bustani. Katika bustani hiyohiyo ndiko muswada wa kwanza wa maisha yake, uliokuwa ukiandikwa kwa siri usiku, ulikofukiwa ndani ya makopo. Sehemu yake ilipogunduliwa, yeye na wenzake wawili walinyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Nakala yake, iliyoandikwa kwa herufi ndogo mno, ilikuwa imeshatolewa kisiwani na mwenzao Mac Maharaj mwaka 1976.

Kuhusu maandishi ya gerezani, sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika shajara yake ya kizuizini iliyotoka mwaka 1981, anaeleza jinsi alivyoandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, karatasi ngumu zisizofaa kwa mwili lakini zilizofaa kwa kalamu. Miaka michache kabla yake Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka uliouliza nchi yake inakwenda wapi, alitunga humohumo, juu ya karatasi za namna hiyohiyo, mashairi ya Sauti ya Dhiki. Atakayesema kwamba ushairi hauna nafasi katika mazungumzo ya vitabu vya ukweli, nitamwomba asome "Siwati", kisha aniambie kama amepata kuona ushahidi ulio wa kweli kuliko huo.

Ipo hatari katika kuvisoma vitabu hivi, nayo ni kudhani kwamba aliyenusurika alinusurika kwa kuwa alitumaini vizuri zaidi. Frankl alilikataa wazo hilo tangu kurasa za mwanzo: waliokuwa bora kati yetu, anasema, hawakurudi. Ndiyo sababu nakiweka karibu pia kitabu cha Paul Kalanithi, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyefariki Machi 2015 akiwa na miaka 37 kwa saratani ya mapafu, kabla hajakimaliza, na mkewe akaandika sura ya mwisho. Aya zake za mwisho anamwandikia binti yake aliyekuwa bado mchanga. Siku hizi nikifungua kitabu cha aina hii huangalia kwanza mikono ya mwandishi ilikuwa inafanya nini alipokuwa gizani, na nisipoiona ikifanya lolote, hukifunga.

Baba alikuwa seremala. Kabla ya kuugua alikuwa ameanza kutengeneza rafu ya mninga, mbao zimeshapigwa randa lakini hazijaunganishwa. Tulipoizoea lugha ya herufi, alianza kunituma. Nilizileta mbao chumbani, nikazilaza mahali alipoweza kuziona, na kila siku alinipa agizo moja au mawili, kwani nguvu zake hazikutosha kwa matatu. PATASI NDOGO. GUNDI KIDOGO. Neno alilolirudia kuliko yote ni PIMA TENA, hata nikawa naijua P yake kabla sijaifikia, kwa namna alivyokuwa akijiandaa kubana. Miezi mitatu ilikuja ikapita, wala hatukuiona ikipita.

Alifariki mbao nne zikiwa zimeshafungwa na ya tano ikiwa bado imelala sakafuni. Niliipima mara mbili, nikaikata, nikaipiga msasa, nikaifunga peke yangu. Vitabu nilivyovitaja hapa vimepangwa juu yake, na kile kipande cha boksi kimesimama katikati yao, herufi A ikiwa imefifia.