Kilomita Mbili za Tin Factory

Julai 2023 shangazi yangu alikuja Bengaluru, India, kutoka Tanga kutibiwa goti. Siku ya kwanza ya kumwona daktari ilibidi tutoke Indiranagar, nilikompangia chumba, hadi Kundalahalli, upande wa Whitefield. Ukitazama ramani utasema ni safari ya treni moja, mstari wa zambarau wa metro. Lakini mwaka ule mstari huo ulikuwa umekatika katikati. Treni za kutoka mjini ziliishia Baiyappanahalli. Kipande kipya cha mashariki, kilomita 13.71 kutoka Krishnarajapura hadi Whitefield, kilikuwa kimezinduliwa Machi 25. Baina ya stesheni hizo mbili palibaki kama kilomita mbili zisizo na treni, kupitia njiapanda ya Tin Factory, na hizo ndizo zilizotula asubuhi.

Kilichochelewesha ni daraja la chuma la kupitisha metro juu ya reli za zamani pale Benniganahalli. Huwezi kupandisha vyuma juu ya reli inayotumika, yenye nyaya za umeme wa volti 25,000, mpaka wenye reli wakupe saa za kusimamisha treni zao, na njia ile haipumziki. Kwa hiyo wakafungua kilichokuwa tayari. Watu walilalamika sana kuhusu metro iliyokatwa vipande. Mimi niliona afadhali hivyo, kwa kuwa nilizijua siku za basi 335E, la kutoka Majestic, kituo kikuu cha mabasi mjini, hadi Kadugodi, huko Whitefield, ambalo unapanda umenyoosha shati na kushuka limekunjamana.

Tulitoka saa moja na nusu. Daktari alikuwa saa nne.

Mgonjwa wa goti ukimpeleka metro, jambo la kwanza ni lifti. Stesheni za juu zina lifti mbili. Ya kwanza inakutoa barabarani hadi ukumbi wa tiketi, ya pili iko ndani ya mageti na ndiyo inayokufikisha jukwaani. Anayejua moja tu humaliza safari kwa ngazi. Jambo la pili ni tiketi. Kadi yangu isingetufaa wawili, kwani kadi ikishafungua geti la kuingilia haifungui tena mpaka mwenyewe atoke kwingine. Nikamnunulia tokeni, nikamwambia aigusishe kwenye geti la kuingilia na asiipoteze, maana wakati wa kutoka inatumbukizwa kwenye tundu la geti, na asiye nayo hulipishwa faini.

Kwenye ukaguzi mifuko hupita kwenye mashine, wanaume mstari wao na wanawake wao. Shangazi aliingizwa kwenye kibanda chenye pazia akapapaswa na mlinzi wa kike. Alitoka akitengeneza mtandio.

"Huyu ananitafuta nini, baba?"

"Ni kawaida, shangazi. Kila mtu."

"Basi angenisalimu kwanza."

Kwenye treni kijana alimpisha bila kuombwa. Kwa dakika chache zile hadi Baiyappanahalli alifurahi kama mtu aliye kwenye kivuko cha Kigamboni, akichungulia mapaa na matangi ya maji. Halafu tukatakiwa kushuka sote. Ukitoka getini pale, safari ilihesabiwa imekwisha; Krishnarajapura ulianza upya kwa tiketi nyingine.

Chini kulikuwa na mabasi ya kuunganisha ya BMTC, shirika la mabasi la jiji. Kwenye mabasi haya wanawake hupanda mlango wa mbele na kukaa mbele, wanaume nyuma. Mzawa hafikirii hata kidogo, ila mgeni unayemsindikiza ndiyo mnatengana hapo. Nilimpandisha mbele, ngazi ya kwanza iko juu na goti likamuuma, kisha nikakimbilia mlango wangu. Tukawa tunatazamana juu ya vichwa vya watu.

Kumbe kulikuwa na jipya. Tangu Juni 11 mwaka huohuo serikali ya jimbo la Karnataka ilikuwa imewapa wanawake wakazi wa jimbo usafiri wa bure kwenye mabasi ya kawaida. Mwanamke anaonyesha kitambulisho, kondakta anamkatia tiketi ya sifuri. Yale yenye kiyoyozi hayamo. Ni jambo jema kabisa, na niliona wafanyakazi wa majumbani waliokuwa wakitembea kwa miguu wakianza kupanda. Lakini viti vya mbele vikawa adimu, na makondakta wakachoka kukagua vitambulisho basi likiwa limejaa.

Kondakta alipomfikia shangazi alisema neno moja tu: "Aadhaar." Ni kitambulisho cha wakazi wa India. Yeye akafungua mkoba akampa nakala ya pasipoti. Kondakta akaigeuza huku na huku, akinamama wa jirani wakaichungulia, mmoja akacheka, mwingine akamsogezea shangazi kiti. Nilipunga mkono kutoka nyuma: huyo ananihusu, nalipa mimi. Noti ya rupia 100 ikapitishwa mkono kwa mkono, zikarudi tiketi mbili bila chenji. Kondakta alikuwa ameandika deni kwa kalamu mgongoni mwa tiketi moja. Ndivyo wafanyavyo wakikosa sarafu, na deni hilo unalidai kabla hujashuka. Ukishakanyaga lami, hulipwi.

Muda wa kulidai ulikuwapo tele. Tin Factory ni pale Barabara ya zamani ya Madras inapokutana na barabara ya mzunguko wa nje, ukielekea daraja la nyaya la K R Puram, ndiyo Krishnarajapura hiyohiyo. Magari ya pande zote mbili yanabanana kupita sehemu moja, mabasi yanasimama katikati ya njia kwa kuwa pembeni hapana nafasi, na mwaka ule ujenzi wa mstari mwingine wa metro, unaofuata barabara ya mzunguko, ulikuwa umeweka mabati yake na kumeza sehemu ya njia. Foleni ilikuwa haisogei. Waliokuwa wepesi waliteremka wakatembea.

Kulikuwa na njia nyingine, treni ya kawaida kutoka Baiyappanahalli hadi stesheni ya reli ya Krishnarajapuram, nauli ndogo mno. Niliiacha kwa sababu ya madaraja ya waenda kwa miguu yenye ngazi ndefu, na kwa sababu ukiikosa treni moja hujui utasubiri ijayo mpaka lini. Kwa kijana mwenye begi mgongoni ningesema apande hiyo.

Tulifika kwa daktari tumechelewa kidogo, tukapokewa.

Jioni ilinyesha, na mvua ikinyesha Bengaluru bajaji hupotea. Nje ya stesheni ya Krishnarajapura dereva mmoja aliomba rupia 150 kuturudisha Baiyappanahalli. Nauli ya mita wakati ule ilikuwa rupia 30 kwa kilomita mbili za mwanzo, kisha 15 kwa kila kilomita. Nikaita bajaji kwa Namma Yatri, programu ambayo haikati madereva kamisheni, ikanikadiria chini ya nusu ya alichotaka yule. Dereva akija unamtajia namba ya tarakimu nne iliyo kwenye simu yako, ndipo safari inaanza. Bila laini ya simu ya India huduma hii huipati kirahisi, kwa hiyo mgonjwa asiye na mwenyeji hubaki na yule wa 150.

Tulikaa kwenye foleni ileile, safari hii tukiwa na maji miguuni.

Mara iliyofuata tuliomba kumwona daktari saa nane mchana. Basi lilipita Tin Factory kwa dakika kama kumi, na shangazi, kabla kondakta hajafungua mdomo, alishakunjua noti ya rupia 10.