Ikwiriri, kwenye jimbo lililomwangusha Bibi Titi

Mbagala Rangi Tatu asubuhi hakuna foleni. Wapiga debe wawili waligombea begi langu, mmoja akashinda, nikajikuta kwenye basi la Ikwiriri, kiti cha juu ya tairi, miguu imekanyaga gunia la mtu. Habari za Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaongoza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, nimezisoma sana nikiwa mjini. Safari hii nilitaka kuiona Rufiji, jimbo lililomwangusha kwenye uchaguzi wa 1965.

Kongowe, Vikindu, Mkuranga, halafu mikorosho mpaka macho yachoke. Kila basi linaposimama madirisha yanavamiwa na machungwa, mayai ya kuchemsha na korosho za kukaanga. Jirani yangu alinunua vyote vitatu, nami nikala korosho zake hadi Kibiti.

Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU tawi lao la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Akatafutwa mama wa kuliongoza, akapatikana Titi, mzaliwa wa Dar es Salaam wa 1926, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Aliwaendea viongozi wa lelemama na ngoma nyingine za wanawake, akina mama waliokwisha kuwa na michango yao, sare zao, vyeo vyao, na watu wa kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Kiongozi akikata kadi, wenzake wanamfuata. Haikupita miezi mingi, wanachama wakahesabiwa kwa maelfu. Wanaume waliokuwa watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Wake zao hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Ndiyo maana huwa nakereka nikiona akina mama hawa wanatajwa kama wapiga vigelegele tu.

Ikwiriri nilifika jua kali. Nikachukua bodaboda mpaka Daraja la Mkapa, nikautazama mto Rufiji, maji ya rangi ya udongo, mapana kuliko nilivyodhani. Daraja lilifunguliwa 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni, na mvua zikizidi, kusini hakwendeki. Nikarudi sokoni kutafuta mkeka.

Barazani nilimkuta bibi mmoja anasuka ukili, miguu kainyoosha, miyaa iliyotiwa rangi ya zambarau imelala pajani. Vidole havikupumzika hata alipokuwa akinitazama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unataka mkeka au unataka maneno?”

Nikamwambia vyote. Mama yake, alisema, alikata kadi ya TANU na kuifunga kwenye pindo la kanga, baba asijue. Nilipomuuliza kwa nini Titi aliangushwa hapa, akasema watu wakishapata uhuru humwuliza mbunge barabara. Jibu hilo limenitosha kuliko porojo nyingi nilizowahi kusikia.

Tulipofika kwenye habari ya nyumba ndipo alipoacha kusuka. Titi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake, UWT, ulioundwa 1962. Azimio la Arusha la 1967 likapiga marufuku kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu. Vitabu vingi vinalipita jambo hili haraka, kana kwamba ilikuwa tamaa tu. Bibi akanionyesha kwa kidevu vyumba viwili vya bati nyuma ya nyumba yake.

“Mume anaweza kukuandikia talaka Ijumaa,” alisema. “Mpangaji analeta kodi mwezi ukiisha.”

Sasa hapo mimi namwelewa Titi. Kwa mwanamke wa Pwani asiye na mshahara wa serikali wala pensheni, chumba cha kupangisha ndicho kilichomzuia asirudishwe kwa kaka zake na kisanduku mkononi. Sheria ile ilikusudiwa kuwabana mabwanyenye, na sina ugomvi na kusudio lake; lakini iliwapima kwa kipimo kimoja waziri mwenye mshahara na mama aliyejijengea pole pole.

Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha Nyerere akamwachia 1972. Serikali ilimkumbuka hadharani 1991, Tanganyika ilipotimiza miaka 30 ya uhuru. Alifariki Novemba 2000, Johannesburg.

Bibi hakujua kwamba katikati ya Dar kuna barabara kubwa yenye jina la Titi, inapita Mnazi Mmoja. Nikamweleza ilivyo, magari, maduka, maofisi. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Na chumba hapo kodi shilingi ngapi?”

Nikamtajia kadirio langu la fremu moja ya duka. Akaguna, akaurudia ukili wake, na bei ya mkeka ikapanda palepale.