Bahari Ina Saa Zake: Kuchagua Ufuo wa Kisiwani Ukitoka Kisumu

Kisumu, Jumapili jioni

Pale Dunga yapo mawe ukingoni mwa Ziwa Victoria, yana alama ya maji. Itazame alama hiyo saa kumi na mbili asubuhi, rudi saa kumi na mbili jioni, utaikuta palepale. Upepo wa alasiri utarusha viwimbi, gugu maji litasukumwa hadi ukingoni au litabebwa liende zake, lakini ziwa lenyewe halisogei. Likipanda hupanda kwa misimu na kwa miaka, kama lilivyopanda 2020 likameza fuo na mashamba. Habari ya kujaa asubuhi na kukauka mchana hatuna huku.

Nadhani hapo ndipo makosa yetu yanapoanzia. Disemba ikikaribia maswali ni yaleyale: Nungwi au Paje? Unguja au Lamu? Hoteli gani ina bwawa? Na picha zinapitishwa kwenye simu, maji ya samawati, mnazi umeinama, bembea ndani ya bahari. Hakuna anayeuliza saa nne asubuhi maji yatakuwa wapi. Mtu wa ziwa haliwazi swali hilo, kwa sababu kwake maji yako pale yalipo. Anasafiri siku mbili, analipa wiki nzima, anaamka afungue mlango, bahari haipo. Iko mbali kule, mstari mweupe wa povu, na katikati ni matope, majani na mashua zimelala ubavu.

Basi niandike kwa utaratibu, maana jambo lenyewe si gumu.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa, yaani kurudi nyuma, mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushei. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazosogeza kila kitu mbele kila siku: leo maji yakijaa saa nane, kesho yatajaa karibu saa tisa kasorobo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo tunapata bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Unguja tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4, na Mombasa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hushuka chini ya nusu ya hapo, na bahari huonekana kama imechoka kutembea.

Sasa hili ndilo la kushika kichwani. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni saa nne asubuhi, kupwa ni saa kumi jioni. Kwa hiyo ukiujua mwezi, unajua saa bila kufungua jedwali lolote. Hata kalenda ya Kiislamu inatosha: tarehe mosi na tarehe 14 au 15 ni bamvua, tarehe 7 au 8 na 21 au 22 ni maji mafu, kwa kuchelewa siku moja au mbili.

Tuchukue mfano. Familia inafika Jambiani, mashariki mwa Unguja, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yatajaa mnamo saa kumi na moja na nusu, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa tano na nusu mchana. Maana yake kuanzia asubuhi hadi alasiri, wakati watoto wako macho na jua ni kali, hakuna maji ya kuogelea. Familia hiyohiyo ingefika siku tano baadaye, maji yangejaa saa nne asubuhi, na wangeogelea kuanzia saa mbili hadi saa sita kila siku, saa zikisogea mbele kidogo kidogo. Ufuo ni uleule na malipo ni yaleyale.

Lakini si kila ufuo unahukumiwa hivi, na hapa ndipo kisiwa cha Unguja kinapofundisha vizuri kuliko kingine ninachokijua. Upande wa mashariki, kutoka Matemwe ukishuka Kiwengwa, Uroa, Bwejuu, Paje hadi Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na ndani yake kuna sakafu pana ya mchanga yenye kina kidogo. Maji yakipwa, sakafu nzima inabaki wazi, mahali pengine zaidi ya kilomita moja. Kaskazini magharibi, Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, sakafu hiyo pana haipo. Chini kunashuka haraka, kwa hiyo maji yakipwa unatembea hatua chache tu na bado unaogelea. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Kendwa, wala asihangaike na mwezi. Bei ni ya juu zaidi, watu ni wengi, na papasi, yaani madalali wa kuwauzia wageni safari za boti, hawakuachi upumzike. Nungwi ina jambo lingine la kuangalia: ukizunguka ncha kuelekea mashariki, ufuo unarudi kuwa wa kupwa na kujaa, na hoteli za upande huo nazo zinajiita za Nungwi. Zinasema kweli. Muulizaji ndiye hakuuliza upande.

Kwa upande wangu, nikiambiwa nichague ufuo mmoja, ni Jambiani, na kupwa kwake ndiko sababu. Siku za bamvua, saa tatu asubuhi, kina mama wanashuka na kamba na magunia kwenda kwenye mashamba ya mwani. Vigingi vimesimama safu safu mchangani, kamba zimetandazwa kati ya vigingi, na kwenye kila kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani vikining'inia kama vishada, vya kahawia na vya kijani. Wiki sita hivi vinakuwa tayari kuvunwa. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, na Paje na Jambiani zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Wanafanya kazi wakati wa bamvua kwa sababu ndipo shamba linapobaki wazi. Kwa hiyo lile tope ambalo mgeni analilalamikia hotelini ni shamba la mtu. Ukitembea humo, zunguka safu, usikanyage kamba, na usimpige picha mama aliyeinama kabla hujamwamkia na kumwomba.

Paje ni kijiji cha jirani tu, lakini pamejaa vishada vya angani vya wanaoteleza juu ya maji kwa upepo. Kati ya Juni na Septemba, na tena Disemba hadi Machi, kamba za vishada hivyo hukatiza maji mbele ya hoteli mchana kutwa, na hapo mahali pa mtoto kuogelea hapapo. Pongwe ni ghuba ndogo, tulivu, haina mengi na ndiyo sifa yake. Michamvi Kae inatazama magharibi ingawa iko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa sababu rasi imejikunja kuingia ghuba ya Chwaka. Ukitaka kuona jua likizama baharini bila kwenda Kendwa, ni pale.

Picha za hoteli zinasomeka, lakini lazima uzisome kama mtu anayenunua shamba. Kwanza tafuta vyombo. Mashua ikiwa imelala ubavu kwenye mchanga mbali na mnazi wa kwanza, ujue maji hupwa sana. Ngalawa haitakusaidia, ina mbawa mbili na husimama wima hata nchi kavu. Pili tazama mchanga: ukiwa na mistari midogo midogo kama mawimbi yaliyoganda, hapo ni sakafu ya bahari, si ufuo. Tatu, tafuta ukuta. Ukuta wa zege au magunia ya mchanga mbele ya hoteli maana yake bahari inakula ardhi, na maji yakijaa siku ya bamvua hakutakuwa na mchanga wa kulalia, mawimbi yatapiga ukutani. Nne, picha zote zikiwa za maji yaliyojaa na hakuna hata moja ya mchana maji yakiwa yamepwa, hilo nalo ni jibu.

Kisha fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, kuza mahali hoteli ilipo. Utaona mstari mweupe wa povu, huo ndio mwamba. Pima kutoka mchangani hadi kwenye mstari. Ikiwa ni mita 100 au 200, usijali. Ikipita mita 800, panga siku zako kwa mwezi. Na ukiona mstari mweupe umekatika, bahari ya bluu nzito ikiingia ndani kama njia, huo ni mlango. Hapo ndipo maji yote ya ndani ya mwamba hutokea yanapopwa, na mkondo wake ni mkali. Usiogelee karibu na mlango maji yakishuka, hata uwe bingwa wa kuogelea ziwani. Ukichukuliwa, usipambane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuo, hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

Upepo nao una kauli. Kusi, Juni hadi Septemba, huvuma kutoka kusini na kusini mashariki. Hewa ni kavu, maji ni ya baridi kidogo kama nyuzi 25, na fuo za mashariki hupigwa upepo mchana kutwa. Kaskazi, Disemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki, joto likiwa kali na maji ya uvuguvugu. Kendwa imejificha kwa sehemu kubwa kutokana na pepo zote mbili. Katikati, Oktoba hadi mapema Novemba, ni maleleji: pepo zinabadilishana zamu, bahari inatulia, na maji huwa maangavu kwa anayetaka kutazama samaki kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba. Mzazi anayefuata kalenda ya shule ana Aprili, Agosti na Disemba. Aprili ni masika, mvua kubwa, hoteli nyingine hufunga. Agosti ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, mradi uchague upande usiopigwa na kusi. Krismasi bei hupanda kupita kiasi. Asiye na mtoto shuleni aangalie siku za karibu na Mashujaa, 20 Oktoba.

Visiwa vingine kwa ufupi. Lamu, ufuo wa Shela ni kama kilomita 12 za mchanga na matuta yake, mzuri wa kutembea kuliko yote; ila pale kijijini, kwenye mlango kati ya Lamu na Manda, mkondo wa maji kupwa hauchezewi. Wasini usiiendee kwa ajili ya mchanga, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Uzuri wake ni hifadhi ya bahari ya Kisite, chini ya maji. Mafia ni ya papa potwe, kati ya Oktoba na Machi, na fuo ni jambo la pili. Na anayetaka kisiwa bila kuvuka nchi, Takawiri iko kwetu, karibu na Mbita, ina mchanga mweupe na minazi. Huko maji hayapwi, lakini kuna kichocho, ambacho baharini hakipo. Konokono wake hukaa kwenye majani ya ukingoni, kwa hiyo usiingilie penye matete.

Baharini hatari ya mguu ni nyingine: wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, waliojaa kwenye mawe na majani. Vaa viatu vya mpira vyenye soli ngumu, ndala hazitoshi kwa sababu zinachomoka matopeni. Ukichomwa, usichokonoe, mwiba unakatikia ndani. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, ukiangalia usijiunguze, kwa dakika 30 au zaidi, kisha toa ule unaoonekana kwa kibanio. Wa kwenye kifundo au ulioingia sana ni wa zahanati.

Ukienda Unguja, chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyopigwa angalau siku 10 kabla. Kutoka mjini, daladala 116 inaenda Nungwi na 309 inaenda Jambiani.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu, usiandike ujumbe. Salimia vizuri, mpwani hajibu swali la mtu asiyejua salamu: "Shikamoo, mama. Natoka Kisumu, naomba kuuliza kuhusu maji." Halafu uliza mambo matatu. Tarehe fulani, maji yanajaa saa ngapi? Yakipwa, natembea hatua ngapi hadi maji yanifike kiunoni? Na yakijaa kabisa, mchanga unabaki mbele ya vyumba, au yanafika ukutani? Mtu anayekaa pale atajibu yote matatu papo hapo, pengine akiwa anatazama nje dirishani. Anayejibu kwamba bahari yetu ni nzuri wakati wote, mshukuru, kisha upige kwingine.