Sabun!

Wiki ya tatu leo tangu nianze shule hapa Penang, Malaysia.

Shule ya wasichana iliyoanzishwa na Wachina. Masomo mengi ni kwa Kimalei, lakini kengele ya mapumziko ikilia, korido nzima ni Kihokkien, aina ya Kichina kinachosemwa hapa. Mimi wa Unguja katikati, kama bubu.



Leo tulikuwa na kipindi cha kuandika Kichina kwa brashi na wino. Herufi moja tu: 永, "milele". Inasomwa yong. Eti ndani yake mna mistari yote minane ya msingi.

Brashi wima, kiwiko hewani, mkono unatetemeka. Mstari wa tatu, tone la wino puu! kwenye shati jeupe.

Mwenzangu wa dawati akaruka, kwa Kimalei: "Sabun! Sabun!"

Nami bila kufikiri: "Sabuni!"

Tukatazamana.

Akainua karatasi yake taratibu, kama anayenitega. "Kertas?"

KARATASI!

Tulicheka mpaka mwalimu akageuka.

Doa halijatoka. Mama kashafua mara mbili, ananuna.

Mnaojua Kimalei, nipeni maneno mengine kama hayo. Kesho nataka nianze mimi.