Si kitu, madhali yu mzima

Tangu Jumatano magharibi nimekuwa nikiyarudia kichwani maneno machache aliyoyasema Baba, na kwa kuwa usingizi umegoma na Zabibu naye hawezi kuachwa peke yake usiku, nimeona heri niyaandike, pengine yakishaandikwa yataniacha.

Wanaomjua Zabibu tangu siku nilipomwokota nyuma ya soko la Mgandini wanajua pia kwamba paka huyo hajawahi kuugua, na kwamba maji yeye huyaonja tu, kisha akaenda zake. Ghafla akawa anainamia ndoo ya Baba ya kutawadhia na kunywa bila kuinua kichwa. Tumbo nalo likaanza kujaa, tukadhani ni mimba, na Shangazi akaanza kugawa vitoto kwa majirani kabla havijazaliwa. Daktari wa mifugo alimpapasa kidogo tu, akauliza ni lini mara ya mwisho alipokuwa akilia usiku kuita madume, nikamjibu kwamba ni majuma machache yaliyopita, naye akasema si mimba bali ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Alinieleza kwamba joto la kutaka dume likipita, homoni hunenepesha ukuta wa mfuko hata kama hakuna mimba, bakteria wakapata pa kukaa, na mlango wa mfuko ukijifunga usaha hauna pa kutokea, kwa hiyo mwenye paka haoni kitu mpaka mfuko ukaribie kupasuka. Dawa ya uhakika ni kuutoa wote, pamoja na ovari zake.

Mahali penyewe ni kwa ng'ombe na kuku zaidi kuliko kwa paka. Ukutani kuna mabango ya chanjo ya mdondo, mlangoni palikuwa na mbuzi aliyefungwa kwenye nondo, na bwana mmoja aliyefuata dawa ya kupe alikitazama kikapu changu, akaniuliza, kwa upole kabisa na bila kutabasamu, kama huyo naye anakamuliwa. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sina hakika kama yote yalikuwa ya kicheko.

Alirudi nyumbani akiwa bado na dawa ya usingizi mwilini, mboni za macho zimejaa jicho zima, yaking'aa kwa mafuta waliyompaka kwa sababu paka chini ya dawa ile hafumbi macho, nayo hukauka. Nilimlaza sakafuni chumbani kwangu, juu ya khanga kuukuu, nikamwekea chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Mchanga wake wa choo niliuondoa, nikachana magazeti badala yake, ili chembe zisinase kwenye kidonda. Kola za plastiki za kumzuia asijilambe hazikuwapo za kimo chake, basi nikakata mkono wa fulana ya kampeni, nikautoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha. Umemkaa vizuri kuliko ulivyowahi kumkaa mwenye fulana.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimepiga magoti, tochi ya simu nimeielekeza kwenye mshono, Baba akatokea mlangoni akitoka msikitini, kofia mkononi. Huyu ndiye Baba ambaye kwa miaka yote hajawahi kulitamka jina la Zabibu. Kwake ni "huyo mnyama wako".

"Wamemtoa nini?"

"Mfuko wa uzazi, Baba."

"Wote?"

"Wote."

Akanyamaza. Nilidhani amekwisha kwenda.

"Basi hatazaa tena."

"Hatazaa."

"Si kitu, madhali yu mzima."

Kisha nikasikia ndara zake zikielekea chumbani kwake.

Mliokuwa nami mwaka jana, nilipolazwa kwa sababu ya zile fibroidi, uvimbe wa mfuko wa uzazi, hamhitaji kuelezwa kwa nini nimeshindwa kuyaweka chini maneno hayo. Baba alikuja wodini na machungwa ya Muheza, akauliza kitanda kinatozwa kiasi gani kwa siku, akazungumzia mvua, akaondoka. Wengine walisema mengi: kwamba Mungu ana mlango mwingine, kwamba nisikate tamaa, kwamba kuna mtu Pangani mwenye dawa, ingawa kilichokwisha kutolewa sijui angekirudishaje. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba si kitu.

Usiku ule nililala kidogo, lakini nililala na furaha. Nilikuwa na hakika kwamba amenisemesha mimi. Baba alikuwa mtu wa reli, maneno yake huyapima kana kwamba bado anayalipia moja moja kama ya telegramu, na mtu wa namna hiyo hasimami mlangoni gizani kwa ajili ya paka asiyemtaja jina. Tatizo ni kwamba tochi nilikuwa nimeielekeza chini, kwa hiyo sikuona alikuwa akimtazama nani. Nimejaribu kuisikia upya sauti yake, kama ilishuka aliposema "yu mzima" au kama nimeishusha mimi mwenyewe baadaye.

Alhamisi Zabibu alikataa kula, na daktari alikuwa ameshanionya kwamba paka akikaa na njaa mfululizo ini lake huharibika, kwa hiyo nikachemsha samaki aina ya changu, nikamnywesha mchuzi kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo. Shangazi alipendekeza nusu ya panadol apunguziwe maumivu. Nilimkatalia: kwa paka dawa ile ni sumu, kwani ini lake haliwezi kuivunja, na matone ya maumivu tuliyopewa yamepimwa kwa uzito wake. Katika siku hizo hizo wakaguzi walifika shuleni na mahari ya mdogo wangu ikapokelewa, nami nilihudhuria yote mawili huku mikono ikinuka samaki.

Ijumaa, nikimbadilisha Zabibu kivazi, furaha ile ilinigeuka. Tumbo lake lililonyolewa lina ngozi ya waridi, na mshono wenyewe ni mfupi ajabu, nyuzi za buluu zilizofungwa mafundo madogo. Nilikuwa nikiangalia kama pamevimba au panatoa maji, na hapakuwa na lolote, nikashikwa na hasira. Ikiwa Baba alinisemesha mimi, kwa nini ilibidi neno lake lipitie kwa paka? Na ikiwa alimsemesha paka, basi mnyama asiyejua hata kwamba ametolewa kitu ndiye aliyepewa pole niliyoingoja mwaka mzima.

Jana nilimpelekea chai barazani, nikakaa.

"Baba, juzi ulisema si kitu."

"Nilisema nini?"

"Kuhusu Zabibu kutozaa."

Akapuliza chai yake kwa muda mrefu kuliko chai ile ilivyohitaji. "Amekula?"

"Amekula dagaa wawili."

"Alhamdulillahi."

Hapo mazungumzo yalikwisha, na sasa ninayo maswali mawili ya kurudia badala ya moja, kwa sababu hakuuliza "Zabibu ni nani". Sijui kama hilo nalo ni jibu, au kama nimekwisha kuwa mtu wa kutafuta majibu kwenye vikombe vya chai.

Nyuzi zitatolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na mpaka wakati huo haruhusiwi kuruka wala kupanda, jambo ambalo amelisikia na kulipuuza. Leo asubuhi nimemkuta juu ya kabati. Huenda ana haki, maana pembe ile ya sakafu ndiyo inayovujiwa, vuli imekaribia, na fundi wa bati aliyechukua arubuni mwezi uliopita hapokei simu yangu.