Doti ya Shangazi

Mwanangu wa mwisho amefika umri wa kusoma kila herufi inayomkabili, kuanzia maneno yaliyopakwa nyuma ya daladala hadi kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, na Jumapili iliyopita, tulipokuwa Magomeni kwa bibi yake, alisimama mbele ya cherehani akasoma kwa sauti maneno ya kwenye kifuniko chake: "Kumbe siye." Kisha akaniuliza, "Mama, siye nani?" Bibi yake alikuwa akichambua mchele na hakuinua macho. Nilimwambia mtoto achungulie upande wa ukutani, kwa sababu maneno hayo huanzia huko nyuma.

Kifuniko hicho tulikishona mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zikinyesha kana kwamba hazitakoma, bonde la Jangwani limejaa maji na paa letu la chumba cha mbele linavuja mahali papya kila usiku. Desemba kwa mama ulikuwa mwezi wa sare. Mashati meupe ya wanafunzi yalijaa kitandani yakisubiri shule zifunguliwe Januari, na tone moja la maji yaliyopita kwenye bati lenye kutu, likikutana na mafuta ya cherehani, lilitosha kuharibu shati la mtoto wa watu. Nailoni mama hakuitaka kabisa. Alisema, na sijapata kuona hoja ya kumpinga, kwamba kwa joto na unyevu wa mji huu chuma kilichofunikwa nailoni hutoka jasho usiku, na asubuhi unakikuta kimeanza kushika kutu. Alitaka kitambaa kizito kinachopumua, kitakachonywa tone kabla halijafika chini na kisha kuanikwa uani jua likichomoza.

Cherehani yenyewe ni Singer nyeusi ya miguu, yenye namba inayoanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, dalili kwamba ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Kasha lake la mbao lilipotea kabla sijazaliwa.

Tabaka la ndani tulikata kitambaa cha pamba cha marekani, la katikati likawa blanketi lililochakaa. Mimi nilikuwa nimependekeza sufi kwa kuwa mto mmoja ulikuwa umepasuka, lakini mama alinieleza kwamba sufi isiyofungwa kwa mishono ya karibukaribu huhama, na ukiifua mara moja inakusanyika pembeni kwa mabonge. Lililobaki lilikuwa tabaka la juu. Alifungua sanduku, akapita khanga zake moja baada ya nyingine pasipo kusita, akatoa doti ya shangazi. Nasema ya shangazi kwa sababu shangazi ndiye aliyemletea zawadi, ikiwa bado haijatenganishwa, nyekundu yenye mji, yaani sehemu ya katikati, mweupe, na jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo, likisomeka: UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Mama aliipokea siku ile kwa shukrani zote zinazostahili wifi, akaikunja, akaiweka chini kabisa. Sikupata kumwona akiivaa.

Alizitenganisha khanga mbili, moja akairudisha sandukuni, nyingine akaitandaza sakafuni.

"Kata hapo," akaniambia, kidole chake kikiwa katikati ya jina.

Nilimwonyesha kwamba mji ulikuwa na nafasi ya kutosha, na kwamba tungeweza kukata juu zaidi bila kuyagusa maandishi. Hakubishana nami. Alichukua kipande cha sabuni, akachora mstari uliosimama wima kati ya NDIYE na KUMBE, ulionyooka kuliko mistari yangu yote ya siku ile, akanikabidhi mkasi. Mkasi wake ulikuwa mzito, wa chuma kitupu, nao ulipofika kwenye pindo ulitoa ule mlio wa kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa hata mara moja, kwani rangi na wanga bado vilikuwa vimekikakamaza. Nilipomaliza alivichukua vipande viwili, akavisimamisha mgongo kwa mgongo, akasema vitaunganishwa juu, mgongoni mwa cherehani, ili maandishi yasije yakasimama kichwa chini upande mmoja. KUMBE SIYE lingetazama mlangoni. Nilielewa hapo kwamba hesabu hiyo ilikuwa imepigwa muda mrefu kabla ya paa kuvuja.

Tulipiga bandi, mishono ya muda ya kushikilia, kwa mkono, kisha tukashona kwa cherehani ileile iliyokuwa ikishonewa vazi. Mama alilegeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu unaoshikilia kitambaa, akaongeza urefu wa mshono, akabadili sindano kutoka namba 14 hadi 16. Alinifundisha kuanzia katikati na kuelekea pembeni, mistari ya mshazari ikikatana, kwa maana ukianzia ukingoni tabaka la juu husukumwa mbele na kuishia kwenye mkunjo usiotoka. Kitambaa kilichoshonwa namna hiyo hupungua, kwa hiyo vipimo vya mwisho tulivikata baada ya mishono yote, tukaunganisha, tukatia mashavu mawili ya pembeni na kuzungushia ukanda uliokatwa mshazari. Yote hayo hayakuchukua muda tuliotumia kutazamana juu ya jina la khanga.

Shangazi alikuja mwezi wa Ramadhani, mvua zikiendelea. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yakiwa tayari kwenye cherehani.

"Wifi, hii si ile doti yangu?"

"Ndiyo hiyo, wifi. Nimeipa kazi."

Shangazi aliinuka akapapasa mishono kwa ncha za vidole, akainama kutazama nyuma, upande wa ukutani, akakaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Alipogeuka alisema mistari imenyooka, ni mkono wa nani? Mama akanionyesha mimi. Basi na yeye ashonewe, akasema, anayo cherehani ya mkono inayoliwa na vumbi. Mama akamjibu, kwa upole ambao ningeweza kuuapia, kwamba khanga ile imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Khanga ya pili mama alianza kuivaa baada ya Idi, kwenye shughuli za ukoo, nyumbani kwa shangazi zaidi ya kwingineko, jina lote likisomeka kwa kila aliyekaa nyuma yake. Shangazi naye alizidi kumpenda, au kumtembelea, sikuweza kutofautisha. Kama doti ile ilikuwa na ujumbe kwa mama, au shangazi aliichagua Kariakoo kwa rangi tu kama wanunuzi wengi wasiosoma jina mpaka wafike nyumbani, sikujua wakati ule na sasa shangazi hayupo wa kuulizwa.

Mama yupo. Jumapili ile, mtoto alipokwisha kusoma pande zote mbili na kukimbilia nje, nilimuuliza waziwazi kwa nini alichagua khanga ile.

"Ilikuwa nzito na rangi yake haichuji," akasema, akipepeta. "Wewe ulitaka nikate ipi?"